Chai ya Viungo Nyumbani kwa Bibi: Historia ya Kikombe Kimoja

Utangulizi

Katika mikahawa mingi ya Kampala, orodha ya vinywaji huwa na chai za aina mbili. Ya kwanza ni chai mukalu, yaani chai kavu isiyo na maziwa. Ya pili huitwa chai ya Kiafrika, na hiyo ni majani, maziwa na tangawizi vilivyochemshwa pamoja katika sufuria moja. Nimeinywa tangu utotoni bila kujiuliza kwa nini inaitwa hivyo. Mhadhiri wetu alipotutaka tuandike historia ya kitu kimoja kinachopatikana nyumbani kwetu, nilichagua chai hii kwa sababu nilidhani ni kazi nyepesi. Nilidhani nitamwuliza Bibi, nitaandika jinsi anavyopika, kisha nitamaliza.

Haikuwa hivyo. Nilirudi kwetu Toro, magharibi mwa Uganda, nikakaa jikoni na Bibi kwa siku tatu. Nilitoka na namna ya kupika, lakini pia nilitoka na swali ambalo bado linanisumbua: je, kitu kilichotufikia kupitia dhuluma na hasara za watu wengine kinaweza kuitwa chetu? Katika insha hii nitaeleza kwanza asili ya kila kitu kinachoingia katika sufuria ya Bibi, kisha namna anavyopika, na mwisho nitaeleza habari ya kinu chake. Mazungumzo yetu yalikuwa kwa Kitooro, na tafsiri ni yangu.

Majani

Bibi huyaita majani ya chai amajaani. Nilimwambia kwamba hilo ni neno la Kiswahili, na sukaali ni sukari, hata caai yenyewe ni chai. Alikataa. Kwake Kiswahili ni lugha ya wanajeshi. Anakumbuka miaka ya utawala wa Idi Amin, amri zilizotolewa usiku mlangoni kwa Kiswahili, na watu waliochukuliwa wasirudi. Nilipoanza kusoma Kiswahili chuoni aliniuliza kama nataka kuwa askari. Kumbe kila asubuhi, kabla hata jua halijapanda, yeye mwenyewe huwa ameshatamka maneno matatu ya lugha hiyo.

Neno chai lilitoka China, likapita Uajemi na India, likafika pwani ya Afrika Mashariki. Mmea wenyewe ulikuja kwa njia nyingine. Hadi miaka ya 1830 chai iliyouzwa Uingereza ilitoka China. Waingereza walipojua kwamba mchai huota wenyewe katika misitu ya Assam, walianzisha mashamba huko, na chai ya kwanza ya Assam ikauzwa mnadani London mwaka 1839. Baadaye walijaribu mmea huo katika makoloni yao mengine. Uganda ulipandwa kwa majaribio katika bustani ya mimea ya Entebbe mwaka 1900, na Kenya ulipandwa Limuru mwaka 1903. Mashamba makubwa ya biashara yalifuata katika miaka ya 1920 na baada yake, na udongo wa Toro, pamoja na mvua zake, ukaonekana kuwa unafaa sana.

Wengi wetu tunaamini kwamba chai ya maziwa na viungo ililetwa na Wahindi waliojenga reli ya Uganda kati ya 1896 na 1901. Watu wapatao 32,000 waliletwa kwa kazi hiyo, karibu 2,500 wakafa, na wachache, wapatao 6,700, wakabaki. Nami niliamini hivyo. Lakini katika miaka hiyo, watu wa kawaida wa India wenyewe walikuwa bado hawajazoea kunywa chai. Walikuwa na vinywaji vya dawa vya tangawizi, iliki na pilipili manga, lakini majani ya chai yalikuwa bidhaa ya kusafirishwa nje. Mwaka 1903 serikali ya kikoloni ya India iliweka ushuru kwa chai iliyouzwa nje, na fedha zake zikatumika kuitangaza chai, hatimaye hata kwa Wahindi wenyewe, katika vituo vya reli, viwandani na mitaani. Watangazaji walitaka chai ipikwe kwa namna ya Kiingereza. Wauzaji wa mitaani walifanya hesabu yao: majani yalikuwa ghali, basi wakayapunguza, wakaongeza maziwa, sukari na viungo. Watangazaji hawakufurahi, kwa kuwa majani yaliyouzwa yalikuwa machache, lakini wanywaji walifurahi.

Kwa hiyo chai ya viungo haikutoka India ikiwa imekamilika tangu zamani. Ilikuwa ikitengenezwa huko karibu katika miaka ile ile ilipokuwa ikisafiri kuja kwetu, kwa meli zilizofika Mombasa, kisha kwa reli na maduka. Wafanyabiashara kama Alidina Visram, mtu wa Kutch aliyefariki mwaka 1916, walikuwa na maduka kutoka pwani hadi ndani ya Uganda. Sukari nayo ilianza kuzalishwa nchini, kwa mfano Lugazi, ambako Nanji Kalidas Mehta alianzisha kiwanda mwaka 1924. Katika miaka ya 1930 ikaja mashine, iliyobuniwa Assam, ya kuponda, kurarua na kuviringisha majani. Majani yake ni punje ndogo zinazotoa rangi nzito kwa haraka na haziogopi maziwa. Hayo ndiyo majani yaliyo katika kopo la Bibi hadi leo.

Viungo

Bibi hutumia viungo vitano, na hakuna hata kimoja chenye asili ya Toro. Tangawizi ina asili ya Asia, ingawa siku hizi inalimwa shambani mwetu. Iliki na pilipili manga zina asili ya milima ya kusini-magharibi mwa India. Mdalasini jina lake limetokana na maneno ya Kiajemi yenye maana ya mti wa China.

Kiungo cha tano ni karafuu, na hapa napenda kukaa kidogo. Asili yake ni visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo. Wafaransa waliiiba huko katika karne ya 18 wakaipanda katika visiwa vyao vya Bahari ya Hindi, na kutoka huko ikafika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Chini ya Sayyid Said, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja, mikarafuu ilienea kiasi kwamba Unguja na Pemba zikawa wauzaji wakuu duniani. Kazi ya kupanda, kupalilia na kuchuma ilifanywa na watumwa waliotolewa bara. Tufani ya mwaka 1872 iliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikachukua nafasi yake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria visiwani hadi 1897.

Misafara iliyotoka pwani kwenda bara kutafuta pembe za ndovu na watumwa ndiyo iliyokileta Kiswahili Uganda. Mfanyabiashara Ahmed bin Ibrahim alifika katika ikulu ya Kabaka Suuna II mwaka 1844. Basi karafuu na lugha ninayoiandika sasa zilisafiri katika biashara moja. Nilipomweleza Bibi habari hii alitazama karafuu tatu zilizokuwa kiganjani mwake, akasema, “Na ninyi mnasoma hayo chuoni, halafu mnakunywa?” Nikasema ndiyo. Akazitia kinuni.

Maziwa

Nilidhani maziwa yangekuwa sehemu isiyo na historia. Sisi ni watu wa ng’ombe, na neno maziwa ni la Kibantu. Hata hivyo Bibi alinieleza kwamba bibi yake yeye hakuwahi kunywa chai ya maziwa hadi alipokufa. Katika siku zake kuchemsha maziwa kulikuwa mwiko. Iliaminika kwamba maziwa yakiguswa na moto, ng’ombe aliyeyatoa atakauka au atakufa. John Roscoe, mmisionari aliyeandika habari za wafugaji wa Uganda mwanzoni mwa karne ya 20, naye aliutaja mwiko huo. Maziwa yalinywewa mabichi, au yaliachwa yagande katika vibuyu vilivyofukizwa moshi wa nyasi.

Kwa hiyo, chai tunayoiita ya Kiafrika ilipoingia katika nyumba hii, ilivunja moja ya sheria kubwa za nyumba hii. Mama yake Bibi alichemsha maziwa na mkwewe akatoka nje, akakaa chini ya mgomba mpaka harufu ilipokwisha. “Alisema tunaua ng’ombe,” Bibi aliniambia. “Ng’ombe hawakufa. Lakini yeye alikuwa ameshika neno lake, na sisi hatukumcheka.”

Namna ya kupika

Sasa nieleze kazi yenyewe. Vipimo hivi vinatosha vikombe vinne. Bibi hapimi kwa kikombe, bali kwa jicho. Mimi nilipima kila alichomimina ili niweze kuandika.

Tunahitaji maji vikombe viwili na maziwa vikombe viwili, tangawizi mbichi ya urefu wa kidole gumba, iliki sita, karafuu tatu, pilipili manga punje sita, kijiti kimoja cha mdalasini chenye urefu wa kidole, vijiko viwili vya chai vya majani, na sukari kwa kadiri ya mnywaji.

Viungo vikavu hupondwa kwanza, na huondolewa kinuni vikiwa vimevunjika tu. Vikiwa unga, chai huwa na mchanga mdomoni na chujio haliwezi kuuzuia. Maganda ya iliki hayatupwi. Kisha tangawizi huoshwa na kupondwa katika kinu hicho hicho, ili ikusanye vumbi la viungo lililobaki.

Maji hutiwa katika sufuria pamoja na viungo vyote na tangawizi, yakachemka juu ya sigiri kwa dakika kumi hivi, mpaka yageuke rangi na harufu ifike nje. Hapo ndipo majani hutiwa, yakachemka dakika mbili au tatu. Maziwa hufuata. Yakianza kupanda, sufuria huinuliwa kidogo, ikarudishwa, mara tatu. Sukari hutiwa mwishoni, chai ikachujwa katika birika.

Utaratibu huu una sababu, nami niliijua kwa kuharibu. Mwaka wangu wa kwanza katika hosteli Kampala nilitaka kuwaonyesha wenzangu chai ya kwetu. Nilitia maziwa na tangawizi mbichi pamoja katika sufuria, nikawasha moto. Kabla ya kuchemka, maziwa yalikatika, yakawa mabonge na maji. Nilimlaumu muuza maziwa. Bibi alicheka sana nilipompigia simu. Tangawizi mbichi ina kimeng’enya kinachogandisha maziwa yanapopata joto, na kuchemsha tangawizi katika maji kwanza hukiua kimeng’enya hicho. Bibi hajui neno kimeng’enya. Yeye husema, “Tangawizi ina hasira. Mwache aimalizie kwenye maji.”

Kinu

Kinu cha Bibi ni cha shaba, kidogo, kinakaa katika kiganja kimoja. Mchi wake umelika upande mmoja. Vinu vyetu ni vya mti na ni vikubwa, vya kutwangia karanga. Nilimwuliza alikipata wapi.

Alinieleza kwamba akiwa msichana wa miaka kumi na mitano alifanya kazi kwa familia ya Kihindi iliyokuwa na duka katika mji mdogo karibu na kwetu. Alifagia, alifua, alibeba mtoto. Mama wa nyumba ndiye aliyemfundisha kuponda viungo. Chai ya viungo aliijua hapo, akaileta kwao siku za mapumziko, na mama yake akaipenda. Pale kazini Bibi alikuwa na kikombe chake cha bati, kilichowekwa dirishani, mbali na vikombe vya wenyeji wake, na chai yake aliinywa akiwa amesimama nje ya mlango wa nyuma. “Chai ilikuwa moja,” alisema. “Vikombe ndivyo vilivyokuwa viwili.”

Tarehe 4 Agosti 1972 Amin alitangaza kwamba Waasia waondoke, na muda uliowekwa ulikuwa siku tisini. Makumi ya maelfu ya watu waliondoka, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa hapa. Ile familia iliondoka asubuhi moja kwa gari, ikiwa na masanduku machache.

Nilimwuliza Bibi, “Kwa hiyo walikuachia kinu?”

Hakujibu. Alisonga moto, akaniambia nikalete maji. Niliandika katika daftari langu kwamba kinu kilikuwa zawadi ya kuagana. Ilionekana kuwa ndivyo ilivyokuwa, na ilikuwa habari nzuri.

Asubuhi iliyofuata aliniita kwa empaako yangu, lile jina la heshima na mapenzi ambalo kila mtu wa Toro hupewa. “Akiiki,” alisema, “jana uliandika nini kuhusu kinu?” Nilimsomea. Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba siku mbili baada ya familia kuondoka, wanajeshi walivunja duka. Walipokwisha kuchukua walichotaka, majirani waliingia. Yeye pia aliingia. Wengine walibeba vitambaa na sufuria. Yeye alikwenda moja kwa moja jikoni, akachukua kinu.

“Abwoli,” nilimwambia, nikitumia empaako yake, “unataka niandike hivyo?”

“Andika,” alisema. “Usipoandika, watoto wako watasema tulipewa.”

Miaka iliyofuata haikuwa na chai. Uganda, iliyozalisha zaidi ya tani 20,000 za chai kwa mwaka katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1970, ilizalisha chini ya tani 2,000 mwaka 1981. Mashamba yaliachwa. Mchai usipochumwa hukua ukawa mti, na Bibi anakumbuka kukata kuni katika shamba ambalo baba yake alikuwa mchumaji. Sukari ilipatikana kwa magendo tu, neno jingine la Kiswahili ambalo kila Mganda wa umri wake analijua. Walipopata majani, walikunywa chai kavu huku wakitafuna muwa. Kinu kilikaa juu ya dari, kimefungwa kwa kitambaa, kwa kuwa hapakuwa na kitu cha kuponda na pia, kama alivyosema mwenyewe, hakutaka kukiona. Alikishusha mama yangu alipozaliwa, ili ampikie chai mkunga.

Hitimisho

Nilianza kwa kuuliza kama chai hii ni ya Kiafrika. Nikitazama asili ya vitu vyake, jibu ni kwamba maji, maziwa na moto tu ndivyo vya hapa, na hata maziwa yalipaswa kuasi mwiko kabla ya kuingia. Nikitazama watu walioipika, jibu ni tofauti. Kwa zaidi ya nusu karne imekuwa ikipikwa na wanawake wa nyumba yetu, ikipewa wageni, wafiwa na wakunga. Wauzaji wa mitaa ya India waliichukua chai ya mabwana zao wakaigeuza ifanane na mifuko yao. Bibi naye alifanya vivyo hivyo, alipoiondoa kwenye kikombe cha bati dirishani akaileta katika vikombe vya familia yake.

Nadhani tunaweza kuiita yetu, lakini kwa sharti ambalo Bibi aliniwekea: tuseme ilivyotufikia. Tuwataje waliochuma karafuu bila ujira, na waliofukuzwa wakaacha vinu vyao, na tuliochukua. Kiswahili nacho nakiona hivyo. Tangu marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini sheria pekee haiwezi kumfanya mtu wa umri wa Bibi asahau nani aliyemsemesha kwa lugha hiyo, na kwa nini. Sisi tunaoisoma hatuwezi kumwambia kwamba hofu yake ni ujinga. Tunaweza kuipika upya mbele yake, polepole, mpaka hasira ya lugha iishie kwenye maji.

Siku ya kuondoka, Bibi alinifungia karafuu na iliki katika kipande cha gazeti. Nilimwuliza kama ningeweza kukichukua kinu niende nacho Kampala, nikawaonyeshe wenzangu darasani. Alikataa. Alisema anakitumia kila siku, na kwamba kama yupo mtu duniani mwenye haki ya kukiomba, si mimi.

Kisha akasema neno moja la Kiswahili, la kwanza nililowahi kumsikia akilitamka akijua kwamba ni Kiswahili. Alinisogezea kikombe, akasema, “Karibu.”